Habari za Chama kwa Njia ya Simu: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Katika misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa na Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani mjini Manchester mwaka 1995, msingi wa tano unahusu elimu, mafunzo na habari. Makatibu wengi huukariri vizuri wanapoulizwa. Lakini mkaguzi anapofika chamani na kuuliza kwa njia gani habari humfikia mwanachama aliye kitongoji cha mbali, jibu huwa fupi: "Tunabandika ubaoni." Ubao ni chombo chema, wala sitaudharau katika somo hili. Ila mwanachama hupita mbele ya ubao mara moja kwa juma, na wakati wa palizi pengine hapiti kabisa, ilhali simu iko mfukoni mwake mchana na usiku.

Mnunuzi binafsi amelitambua jambo hilo zamani. Kabla chama hakijafungua ghala asubuhi, yeye amekwisha kupeleka bei yake kwa simu katika vijiji vitatu, na kijana wa bodaboda yuko njiani na magunia matupu. Kwa sisi tulio karibu na mpaka wa Sirari kuna tatizo la ziada, maana kahawa inayonunuliwa kwa mtindo huo haichelewi kuvuka upande wa pili. Katika ukaguzi nimekutana na mahali ambapo bei ya chama, ukijumlisha malipo ya awali na nyongeza, ilikuwa kubwa kuliko ya mlanguzi, na bado nusu ya mavuno ya kitongoji kizima ilikwenda kwa mlanguzi. Wakulima wale hawakuwa wasaliti wa ushirika. Walikuwa na ada ya shule ya kulipa, walisikia bei moja tu, nao wakauza kwa bei waliyoisikia.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, suala la kutoa habari kwa njia ya simu na intaneti lisichukuliwe kuwa pambo la vijana. Ni kazi ya biashara ya chama, sawa na kupima mizani.

WANACHAMA WANA SIMU ZA NAMNA GANI?

Vyama vingi huanza kwa kuunda kundi la WhatsApp, halafu hudhani kazi imekwisha. Kundi lenyewe huwa na watu arobaini katika chama chenye wanachama mia nne, na hao arobaini ni wale wale wanaoishi karibu na barabara. Njia iliyo bora ni kuanza na hesabu. Siku za kupokea mazao, karani wa mizani aandike katika daftari mambo matatu kwa kila mwanachama: ana simu janja au simu ya kitochi, namba ni ya nani, na ni nani nyumbani anayeishika simu hiyo kwa kawaida.

Swali la tatu lisirukwe. Katika kaya zetu nyingi za Tarime na Serengeti mume ndiye mwanachama na ndiye mwenye simu, lakini anayechuma kahawa, anayeianika na anayejua ghala lina kilo ngapi ni mke. Habari ya siku ya mizani ikiishia kwenye simu iliyoko mnadani Mugumu pamoja na mwenyewe aliyekwenda kuuza ng'ombe, haijafika mahali pa kazi. Chama kiombe namba mbili kwa kila kaya inapowezekana, na kiwahimize akina mama wajiunge kuwa wanachama kwa majina yao.

Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua chombo. Wenye kitochi watapelekewa ujumbe mfupi wa maandishi. Ujumbe mmoja wa namna hiyo huchukua herufi 160 pamoja na nafasi zake. Ukizidisha, unalipia wa pili. Basi katibu ajizoeze kuandika kwa ufupi bila ya kuficha jambo. Mfano: "CHAMA: Malipo ya awali kahawa kavu sh 5,500/kg. Ghala wazi Jumanne na Ijumaa saa 2-8. Nyongeza baada ya mnada. Maswali: Katibu ofisini." Hapo zimetumika herufi zisizofika 140, na mwanachama amejua bei, siku, saa, na kwamba liko deni analodai. Salamu ndefu na majina ya viongozi wote wa bodi hayana nafasi katika ujumbe wa kulipia.

BEI ISEMWE PAMOJA NA HESABU YAKE

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi, na kwa sababu hiyo nitapakalia kwa muda.

Mwezi Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla ya hapo. Tarakimu kama hizo hupigwa picha na kusambazwa kutoka simu hadi simu. Mkulima huzidisha kwa thamani ya dola, halafu hulinganisha na alichopewa ghalani, na mara neno "wizi" linatamkwa. Katibu anayenyamaza wakati huo anakubali shitaka. Katibu anayejibu "mambo ya New York hayatuhusu" anafanya vibaya zaidi, kwa kuwa yanatuhusu sana: bei ya mnada wa kahawa nchini huielekea bei ile.

Jibu linalofaa ni hesabu, iandikwe wazi na ipelekwe kabla ya kuulizwa. Kwanza, soko la New York hutaja ratili, si kilo. Kilo moja ni ratili 2.2 hivi, kwa hiyo dola 4 kwa ratili ni kama dola 8.8 kwa kilo. (Hapo bei inazidi kupanda machoni pa mkulima. Tusiogope, ukweli usemwe wote.) Pili, bei hiyo ni ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa, na mwanachama wetu huleta ghalani kahawa kavu ikiwa bado na ganda lake la ndani. Kilo 100 za kahawa hiyo zikikobolewa hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Tatu, yako makato ya kukoboa, usafiri, ushuru wa mazao wa halmashauri, na ushuru wa chama cha msingi na Chama Kikuu, kila moja likiwa na kiwango chake kilichopitishwa.

Tuchukue tarakimu za mfano tu, ambazo si bei ya msimu wowote. Kahawa safi imeuzwa mnadani kwa shilingi 10,000 kwa kilo. Kwa mkulima aliyeleta kahawa yenye ganda, kilo yake moja ina thamani ya shilingi 8,000, kwa kuwa ni sehemu 80 katika 100. Tuseme makato yote kwa pamoja ni shilingi 1,100. Zinabaki 6,900. Alikwisha kupokea malipo ya awali ya shilingi 5,500. Basi nyongeza yake ni shilingi 1,400 kwa kila kilo aliyoleta. Mtu aliyeleta kilo 300 anadai shilingi 420,000.

Mistari hiyo mitano inaenea katika karatasi moja. Ipigwe picha na ipelekwe kundini, ibandikwe ubaoni, na isomwe kwa sauti kwa wale wasiosoma. Makato yasifungwe pamoja kama nilivyofanya mimi katika mfano kwa ajili ya wepesi. Yatajwe moja moja, kila moja na kiwango chake. Mwanachama huweza kuvumilia makato makubwa anayoyajua. Makato madogo asiyoyajua humfanya ahisi kwamba yako mengine.

Na kama mnada haujafanyika, katibu aseme haujafanyika. Nimeona matangazo ya aina ya "nyongeza inakuja hivi karibuni" yakirudiwa miezi mitatu. Maneno hayo humgharimu katibu heshima yake. Ingekuwa afadhali kuandika: "Kahawa yetu, magunia kadhaa, iko ghala fulani, bado haijauzwa, tutawaarifu tena Ijumaa hata kama hakuna jipya." Kisha Ijumaa aandike, hata kama hakuna jipya.

Wenye umri mkubwa katika wilaya zetu wana sababu ya kuwa wepesi wa shaka. Vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, na ilipotungwa sheria ya mwaka 1982 ya kuvirudisha, wakulima wengi walikuwa wamezoea kukabidhi mazao kwa karatasi na kungoja malipo bila ya kuelezwa neno. Mazoea hayo ya kutoelezwa hayajasahauliwa, na watoto wa wakulima wale ndio wanachama wa leo.

KUNDI LA SIMU NA WENYEWE

Kundi la WhatsApp laweza kuchukua watu 1,024, idadi inayotosha kwa vyama vya msingi vingi. Lakini nashauri pawe na makundi mawili. La kwanza liwe la matangazo, ambalo limewekewa mpango wa wasimamizi pekee kuandika. La pili liwe la mazungumzo, ambamo kila mwanachama anaweza kuuliza na kujibu. Yakichanganywa, tangazo la siku ya mizani litafunikwa na picha hamsini za maua zenye maneno "asubuhi njema", na yule aliyenunua bando la shilingi mia tano atakuwa amelimaliza kwa kupokea maua. Sina ugomvi na maua. Ila si mazao ya chama chetu.

Jambo linalosahauliwa na karibu kila chama ni umiliki. Mara nyingi kundi huundwa na katibu kwa simu yake na laini yake mwenyewe. Siku katibu anapoacha kazi, au anapotofautiana na bodi, anaondoka na kundi, orodha ya namba, na kumbukumbu zote za mazungumzo. Chama kinaanza upya kama kwamba hakikuwahi kuwapo. Kwa hiyo laini isajiliwe kwa jina la chama, simu inunuliwe kwa fedha ya chama na iandikwe katika daftari la mali, na namba ya siri iwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la fedha. Wasimamizi wa kundi wasipungue wawili: katibu, na mjumbe mmoja wa bodi aliyeteuliwa kwa muhtasari wa kikao. Makabidhiano ya ofisi yataje simu na laini hiyo kama yanavyotaja mhuri na mizani.

Gharama za bando na ujumbe mfupi ziingizwe katika makisio ya mapato na matumizi na zipitishwe na mkutano mkuu chini ya kifungu cha elimu na habari. Katibu asilazimike kuhudumia chama kwa vocha ya mfukoni mwake, kwani atakayelipia mwenyewe atachagua mwenyewe lini aandike.

Yafaa ieleweke pia kwamba kundi si mkutano. Alama za vidole gumba juu thelathini hazipitishi makisio wala hazimwondoi mwenyekiti. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama, na taratibu za kuuitisha zimo katika masharti ya chama chenu. Simu ikumbushe tarehe ya mkutano na itangulize taarifa zitakazojadiliwa ili wanachama waje wakiwa wamesoma. Uamuzi ungojee kikao.

KUSEMA NA KUJIBU

Kutoa habari ni nusu ya kazi. Wako makatibu hodari wa kutangaza ambao hawajawahi kujibu swali hata moja, na makundi yao hufa polepole: watu hawatoki, ila hawasomi tena.

Nchi yetu ina mfano mzuri katika jambo hili, nao haukuhitaji intaneti. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Wengi wanakumbuka redio, lakini redio peke yake isingefanya kazi ile. Kila kipindi kilisikilizwa katika kikundi chenye kiongozi aliyefundishwa na chenye kijitabu. Kipindi kilipokwisha, kikundi kilijadili: Je, malaria iko hapa kwetu? Madimbwi yako wapi? Nani atachimba choo, na lini? Sauti iliyotoka Dar es Salaam iligeuka kuwa jembe kijijini kwa sababu ya mazungumzo yale ya watu wachache wanaofahamiana.

Basi chama kisiridhike na kundi moja kubwa la simu. Kila kituo cha kupokelea mazao kiwe na mwanachama mmoja mwenye simu janja, mwaminifu, ambaye kazi yake ni kusoma tangazo la juma kwa wenzake siku ya mizani, kusikiliza maswali, na kuyarudisha kwa katibu. Mtu huyo ndiye daraja kwa wenye kitochi na kwa wasio na simu. Maswali yaandikwe katika daftari la maswali, pamoja na tarehe, jina la kituo, na jibu. Mkaguzi akifika na kukuta daftari hilo, atajifunza mengi kuliko katika muhtasari wa vikao, maana humo mtaonekana wanachama wanasumbuliwa na nini: pembejeo zilizochelewa, mizani inayotiliwa shaka, jina lililokosewa herufi na kumzuilia mtu malipo.

Kuhusu lugha: tangazo liandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya vitabu vya chama na ndiyo itakayosomwa ikitokea shauri. Lakini simu inao uwezo wa kupeleka ujumbe wa sauti, na hapo hakuna kizuizi cha kueleza jambo lile lile kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma kwa ajili ya wazee. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili. Na anayezungumza ajitaje, ataje tarehe, kwa kuwa sauti husafiri na kusikilizwa tena miezi sita baadaye kama habari mpya.

Jibu litolewe siku ile ile au kesho yake. Kama jibu halijapatikana, katibu aandike kwamba swali limepokelewa na limepelekwa wapi. Lugha ya hasira isitumike, hata pale muulizaji anapoitumia. Mwanachama mkali anayeuliza hadharani ni afadhali kuliko mpole anayeuza kahawa yake kwingine bila ya kuuliza.

YASIYOFAA KUWEKWA KUNDINI

Zamani orodha ya malipo ilibandikwa ukutani mwa ghala, jina, kilo na fedha, na kila mtu aliangalia la kwake na la jirani. Wengine wamehamishia desturi hiyo kwenye simu. Ndugu Katibu, ukuta wa ghala ulisomwa na watu waliofika ghalani. Picha ya orodha hiyo ikiingia kundini, baada ya saa moja iko Musoma, iko Migori, na iko mikononi mwa watu ambao kazi yao ni kujua nani amelala na fedha nyumbani usiku wa leo. Tunaishi katika wilaya ambazo wizi wa ng'ombe na uvamizi wa nyumba si hadithi.

Juu ya hatari hiyo iko sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa kusudi lililokusanyiwa tu na azilinde. Chama kinakusanya namba za vitambulisho, namba za simu, ukubwa wa mashamba na kiasi cha mavuno. Kinabanwa kama ofisi nyingine yoyote. Kwa hiyo kila mwanachama apelekewe tarakimu zake peke yake. Kundini na ubaoni ziwekwe jumla: kilo zote zilizopokelewa, fedha zote zilizopatikana, makato yote, na kiasi chote kilicholipwa. Mwanachama anayeshuku jumla hizo anayo njia ya kuja ofisini kuuliza na kuonyeshwa vitabu, na bodi isimfanye mgumu.

Wako watakaosema kuwa kuficha orodha ni kufungua mlango wa udanganyifu, kwamba majina hewa hugunduliwa kwa sababu jirani anasoma jina asilolijua. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Dawa yake ni kusomwa kwa orodha ya majina na kilo, bila ya fedha wala namba za simu, katika kikao cha kituo mbele ya wanachama wenyewe, na kamati ya usimamizi kutia saini. Jirani atalisikia jina geni. Mwizi wa Migori hatakuwapo.

MATAPELI NA UZUSHI

Nani nchini hajapata ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii"? Matapeli wamekwisha kuvuka hapo. Sasa huchukua picha ya nembo ya chama, huiweka kwenye simu yao, na kuwaandikia wanachama kwamba nyongeza imefika ila kwanza walipe ada ndogo ya kufungua akaunti. Kinga ni kutangaza mapema, na kurudia kila mwezi, kanuni moja isiyo na udhuru: chama hakiombi fedha wala namba ya siri kwa simu, na hakibadilishi akaunti au namba ya malipo kwa ujumbe. Badiliko lolote la namna hiyo litatangazwa kikaoni na kubandikwa ubaoni likiwa na mhuri. Pale chama kinapopokea fedha kwa simu, kama vile malipo ya pembejeo, kitumie Lipa Namba yenye jina la chama, ili mlipaji aone jina hilo kabla ya kuthibitisha. Namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na kila mtu anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kuhusu uzushi, kwa mfano kwamba chama kimefilisika au kwamba mbolea ya ruzuku imeuzwa Kenya, nashauri mambo machache. Jibu litoke siku ile ile. Lisirudie uzushi kwa urefu. Litaje jambo kwa neno moja, kisha litoe ushahidi: picha ya ghala likiwa na mbolea, hati ya mapokezi, tarehe. Wanachama wafundishwe kwamba maneno yanayoonyesha simu kuwa yamepelekwa mbele mara nyingi hayana mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha habari za uongo akijua ni za uongo, nayo ni vema ijulikane. Hata hivyo bodi isiwe na haraka ya kuitumia kama fimbo. Nimewahi kuona uongozi ukimtishia mwanachama kwa polisi kwa sababu ya swali la makato, na swali lenyewe lilikuwa la haki.

HABARI KWA MNUNUZI WA MBALI

Hadi hapa nimezungumzia wanachama. Vyama na vikundi vya Serengeti vinavyouza asali, ushanga na vikapu vinahitaji pia kuonekana na wanunuzi wasiowajua, kuanzia hoteli zilizo karibu na hifadhi hadi duka la Mwanza. Huko ukurasa wa Facebook au Instagram, na WhatsApp ya biashara yenye orodha ya bidhaa, hutosha kwa mwanzo. Mnunuzi anataka kujua mambo yale yale anayouliza sokoni: ni kitu gani, uzito gani, bei gani, kiko wapi, kitamfikiaje, na nani atajibu akipiga simu. Nimeona kurasa zenye picha nzuri ya simba na hakuna bei wala namba. Simba hauzwi. Picha ipigwe kwa simu ya chama, mchana, asali ikiwa katika chupa yake halisi. Na alama ya ubora ya TBS isiwekwe mpaka iwe imepatikana. Chama kisitangaze kilo 500 kikiwa na 60, kwa kuwa mwenye hoteli akikosa mara moja haulizi tena.

Kwa kahawa mambo ni mengine kidogo, maana mauzo hupitia utaratibu wa Bodi ya Kahawa na Chama Kikuu. Lakini mnunuzi wa ng'ambo siku hizi hutaka kujua shamba. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mazao yasiyotokana na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, itadai mahali hasa shamba lilipo. Vipimo hivyo huchukuliwa kwa simu. Vikichukuliwa, wanachama waelezwe kwanza ni vya nini na vitapelekwa kwa nani, vinginevyo uvumi wa kunyang'anywa ardhi utatangulia, na katika wilaya yenye migodi na hifadhi uvumi huo hupata wasikilizaji haraka.

Mwisho, ubao usiondolewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadhoofu nchini na kwa majirani zetu kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ghala huendelea kufunguliwa na mizani huendelea kupima. Kila kinachopelekwa kwa simu kibandikwe pia ubaoni, na nakala itiwe katika jalada la matangazo kwa mpangilio wa tarehe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VITUO

1. Katika kituo chenu, ni wanachama wangapi wasio na simu yoyote? Nani atawafikishia tangazo la juma hili?

2. Chukueni bei ya mnada wa mwisho mliyoarifiwa na makato yaliyopitishwa na mkutano wenu mkuu. Fanyeni hesabu kwa kilo moja ya kahawa yenye ganda. Je, jibu lenu linalingana na lililotangazwa na chama? Kama halilingani, mtamwuliza nani?

3. Laini inayotumika kwa kundi la chama imesajiliwa kwa jina la nani?

4. Mama mmoja wa kituo chenu ameandika kundini kwamba mizani ilipunguza kilo 4 katika gunia lake. Andikeni jibu la katibu, lisilozidi herufi 160, kisha lisomeni kwa sauti mbele ya mwanamke yeyote aliyeleta kahawa leo, naye aseme kama ameridhika.